Apollo wa mkono wa kushoto: jinsi ya kumtambua mungu kwenye tapestri ya zamani ya Ufaransa kabla ya kumpa jina

Mfumi_Mkuu (#1)

Wakuu, kuna kosa linajirudia kila picha ya tapestri ya Kifaransa (kitambaa cha ukutani chenye picha iliyofumwa, hapa picha za miungu ya Kirumi) inapowekwa humu. Mtu anaona mwanamke na upinde, anaandika "Diana", kamaliza. Anaona mzee wa ndevu, "Jupiter". Tapestri haisomwi kama mchoro wa rangi. Kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, kinaweza kuigeuza picha nzima kushoto kwenda kulia, na mwanga wa miaka 250 umeshakula baadhi ya rangi. Kwa hiyo usianze na sura, wala rangi, wala mkono gani umeshika nini. Anza na vitu: mnyama aliye miguuni, chombo mkononi, kilichovaliwa kichwani.

Msamiati wa uzi huu: mtande ni nyuzi zinazovutwa kwenye kitanda, mshindio ni nyuzi za rangi zinazopitishwa kati yake. Mshindio unaufunika mtande wote, hivyo kila unachokiona ni mshindio. Pindo na mji nitavitumia kama kwenye kanga, maana tapestri nayo ina pindo kuzunguka na mji katikati.

Vitanda ni viwili.

Cha wima, kwenye katalogi utakuta "haute lisse". Mitande imesimama, mfumi amekaa upande wa nyuma wa kazi, kielelezo (mchoro anaoufuata) cha ukubwa kamili kiko nyuma ya mgongo wake. Mbele ya kitanda kuna kioo, ili achungulie kati ya nyuzi aone uso wa kazi unavyotoka. Mistari mikubwa imechorwa kwa wino kwenye mitande yenyewe. Picha inatoka kama ilivyo kwenye kielelezo.

Cha kulala, "basse lisse". Mitande imelala kama meza, kielelezo kimekatwa vipande na kulazwa chini yake, miguu inakanyaga kanyagio kupandisha na kushusha nyuzi. Hapa pia mfumi anautazama upande wa nyuma, lakini anafuata picha iliyo chini ya vidole vyake. Kazi ni ya haraka zaidi, na picha inatoka imegeuka.

Karakana ya kifalme ya Gobelins, Paris, aliyoianzisha Colbert, waziri wa Louis XIV, mwaka 1662 na kumkabidhi mchoraji Charles Le Brun mwaka 1663, ilikuwa na vyote viwili ila sifa yake ni kitanda cha wima. Karakana za miji mingine ya Ufaransa, Beauvais ya karne ya 18 na Aubusson, ni kitanda cha kulala.

Kanyagio (#2)

Mkuu, basi kazi imeisha. Apollo akipiga kinubi kwa mkono wa kushoto, hiyo ni Beauvais au Aubusson. Akipiga kwa kulia, Gobelins.

BintiKitani (#3)

Kaka Kanyagio, taratibu. Wachoraji hawakuwa wajinga. François Boucher alipochora kwa ajili ya Beauvais alijua kitanda kitageuza, hivyo kielelezo ndicho alichokichora kwa kushoto ili tapestri itoke sawa. Ukikuta mashujaa wote wa tapestri moja wameshika panga kwa kushoto, na vishikizo na mikanda navyo viko upande usio wake, hapo una ushahidi kwamba picha ambayo haikuandaliwa kwa kitanda cha kulala imefumwa kwenye kitanda cha kulala. Mara nyingi ni karakana iliyofuma kwa kufuata picha zilizochapwa au kielelezo cha wengine. Mkono wa kulia peke yake haukuambii kitu.

Tena hata ndani ya Gobelins kulikuwa na Jacques Neilson, Mskoti aliyesimamia vitanda vya kulala. Huyu aliboresha kitanda kiweze kuinuliwa ili kazi ikaguliwe kabla haijakatwa, na alitumia karatasi angavu kunakili kielelezo kwa kugeuza, picha ikatoka upande wake. Kwa kutazama tu, kazi yake na ya kitanda cha wima huzitofautishi.

Kinachosaidia zaidi ni kuhesabu mitande, na hapa wengi wanakosea mwelekeo. Tapestri nyingi zilifumwa kwa ubavu. Ikishatundikwa, mitande imelala mlalo, si wima. Utaona matuta madogo yanayokwenda kushoto kulia, kama mistari ya daftari. Weka rula ISIMAME, hesabu matuta katika sentimita 5, gawa kwa 5. Rudia sehemu tatu: mwilini mwa mtu, angani na pindoni. Pindo likitofautiana sana na mji, uliza kama liliongezwa baadaye.

Gobelins na Beauvais za karne ya 18 utakuta kama mitande 7 hadi 9 kwa sentimita. Aubusson kwa kawaida 5 au 6, na zipo pungufu ya hapo. Mitande ikiwa michache, uso wa mungu hauna nafasi ya vivuli: jicho linakuwa pembe tatu na kidole kinakuwa kama kijiti. Ndiyo maana Venus wa Aubusson anaonekana mkavu. Hilo ni suala la nafasi ya nyuzi, mfumi wala hana kosa.

Kanyagio (#4)

Sawa dada, nimefuta. Rula isimame.

Zari_na_Hariri (#5)

Tuingie kwenye miungu yenyewe. Wale wepesi: tai na radi ni Jupiter, tausi ni Juno, mkuki wa meno matatu ni Neptune, nyundo na fuawe ni Vulcan, fimbo yenye nyoka wawili ni Mercury, ngano na mundu ni Ceres, zabibu na chui ni Bacchus, bundi na kofia ya chuma ni Minerva. Taji lenye umbo la kuta za mji, pamoja na simba, ni Cybele. Hao hawana ubishi.

Ubishi unaanza kwa wanaojigeuza, na Wafaransa wa karne ya 18 waliwapenda hao kuliko wote.

Mfano wa kwanza ni "Diana" aliyekaa karibu mno na msichana mwingine, mkono kidevuni. Ana hilali kichwani, ana podo, kila kitu cha Diana. Sasa tafuta tai. Atakuwa nyuma, nusu amefichwa na wingu au kitambaa. Ukimwona, huyo si Diana hata kidogo, ni Jupiter aliyejigeuza Diana ili amkaribie Callisto. Pindo likikatwa na tai akaondoka nalo, hadithi nzima imepotea.

Wa pili ni bibi kizee anayezungumza na msichana mwenye matunda. Watu huandika "bibi na mjukuu", "mpiga ramli". Huyo ni Vertumnus, mungu wa majira, amejigeuza ajuza amtongoze Pomona wa bustani. Angalia mkono wa huyo ajuza, mara nyingi ni wa kijana. Mara nyingine kinyago kiko pembeni.

Wa tatu ni mwanamke na zabibu tupu, hakuna mungu kabisa. Watu husema ni "Vuli". Kwenye seti ya Boucher ya Mapenzi ya Miungu, iliyoanza kufumwa Beauvais karibu na mwaka 1750, hiyo ni Bacchus aliyejigeuza zabibu ili ampate Erigone. Mungu ndiye hicho kichala.

Halafu Neptune na mwanamke. Wengi huandika Amphitrite, mkewe. Kukiwa na mtungi na satiri anayekimbia (miguu ya mbuzi), ni Amymone, aliyekwenda kuchota maji akavamiwa.

Na msiniletee seti ya Don Quixote ya Gobelins mkaiita ya visasili kwa sababu ina shujaa mwenye mkuki. Hiyo ni hadithi ya Kihispania, iko nje ya Olympus kabisa.

Mkutubi_wa_Zamu (#6)

Naomba Psyche, msichana aliyependwa na mungu Cupid, aongezwe, yeye ndiye anawasumbua watu. Boucher alichora picha tano za hadithi yake kwa Beauvais, kazi ya kwanza ikafumwa mwaka 1741: anafika kwenye jumba la Cupid, anapambwa, anawaonyesha dada zake hazina, anaachwa na Cupid, kisha yuko kwa mzee msuka vikapu. Hiyo ya mwisho ikitengwa na wenzake inaonekana kama mandhari ya kijijini: mto, mzee, vikapu, msichana aliyechoka. Huyo mzee hayumo kwenye hadithi ya Kilatini, ambako Psyche aliyejitosa mtoni anakutana na mungu Pan. Ukimtafuta kwenye matoleo ya Kirumi hutampata, na hapo ndipo mtu anakata tamaa na kuandika "mandhari".

Mfumi_Mkuu (#7)

Umenena. Kutoka hapo inafuata kanuni ya seti: tapestri hizi hazikufumwa moja moja. Ukikwama kwa mungu mmoja, uliza wenzake ni nani.

Namba nne ni ishara. Le Brun alichora Elementi kwa ajili ya Louis XIV miaka ya 1660, na ndani yake hewa ni Juno, maji ni Neptune, ardhi ni Cybele na Ceres, moto ni Jupiter na Vulcan, na sifa zote zinamrudia mfalme. Claude Audran akaja na mapazia ya milango ya miungu, yaliyoagizwa mwaka 1699: manane, manne ya majira na manne ya elementi. Venus masika, Ceres kiangazi, Bacchus vuli, Saturn majira ya baridi. Kisha Juno hewa, Diana ardhi, Neptune maji, Jupiter moto. Yalifumwa tena na tena, zaidi ya mara 200, kwa hiyo ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi kuliko mengine. Kila mungu amekaa juu ya wingu chini ya kibanda cha maua, wanyama wake wamepangwa ubavuni. Ona tofauti: Ceres wa Le Brun ni ardhi, Ceres wa Audran ni kiangazi. Mungu yuleyule, kazi nyingine.

Hata zile medali za Boucher (picha ndani ya fremu) kwenye mji mwekundu unaoiga damaski, kitambaa chenye nakshi, zilizotoka kwa Neilson kwenda jumba la Croome Court huko Uingereza (chumba chote sasa kiko Metropolitan Museum, New York), ni elementi nne zilizojificha ndani ya mapenzi: Aurora na Cephalus hewa, Vertumnus na Pomona ardhi, Venus na Vulcan moto, Neptune na Amymone maji.

Kanyagio (#8)

Swali. Mnunuzi wa wakati huo alijali hadithi kweli, au ni mapambo tu ya ukuta?

Mkutubi_wa_Zamu (#9)

Wengi mapambo, na wakati mwingine yaliwatokea puani. Mchoraji Jean-François de Troy alichora seti ya Jason, shujaa wa visasili vya Kigiriki, miaka ya 1740 akiwa Roma, vipande saba, ikafumwa Gobelins. Kipande cha kwanza Jason anamwapia Medea, mwanamke mchawi, uaminifu. Katikati ni ng'ombe wa moto, askari waliochipuka kutoka meno ya joka, na ngozi ya dhahabu. Kisha Jason anamwoa Creusa, Creusa anaungua kwa vazi lenye sumu, na mwisho Medea anapaa kwenye gari la majoka akiwa ameshawaua wanawe mwenyewe.

Mwaka 1770 seti hiyo ilitundikwa kwenye banda la kisiwani mtoni Rhine, karibu na Strasbourg, pale Marie Antoinette wa Austria, bibi harusi wa miaka 14 wa mrithi wa ufalme wa Ufaransa, alipokabidhiwa kwa Wafaransa. Goethe, mwandishi Mjerumani, wakati huo mwanafunzi pale mjini, aliingia kutazama, akashangaa kwa sauti: nani anamkaribisha bibi harusi kwa ndoa mbaya kuliko zote? Waliotundika walitazama upana wa kuta. (Na vazi la sumu lililofumwa ndani ya kitambaa cha ukutani, hiyo nayo ni dhihaka ya aina yake.) Seti nyingine ya Jason iko kasri la Windsor, Uingereza, kwenye chumba kikubwa cha mapokezi.

BintiKitani (#10)

Rangi sasa, kwa sababu ndizo zinazodanganya zaidi.

Kijani hakikuwa rangi moja. Sufu ilichemshwa kwa shabu, ikatiwa njano ya mmea uitwao gaude, na bluu ikatoka kwenye nili au mmea mwingine unaotoa rangi ileile. Njano hiyo inakufa kwa mwanga, bluu inabaki. Miti ya bluu unayoiona kwenye tapestri ya Diana haikukusudiwa kuwa bluu. Taji la majani la Apollo likiwa bluu, usilifanye utepe.

Nyekundu ya mizizi ya garansi ni ngumu, inadumu. Waridi nyepesi ya ngozi ndiyo inayoondoka. Hapo kuna lawama ya wazi. Mchoraji Oudry, aliyeongoza Beauvais kuanzia mwaka 1734 na baadaye akakagua kazi za Gobelins, aliwasukuma wafumi waige mchoro wa mafuta toni kwa toni. Wafumi walipinga. Zamani walikuwa wakiunganisha toni chache kwa meno ya msumeno, rangi moja inaingia ndani ya nyingine kwa michirizi, na jicho ndilo linalochanganya. Toni chache nzito hufifia pamoja na picha inabaki. Toni nyingi hafifu hufifia kila moja kwa kasi yake, Venus anabaki na uso mweupe usio na pua. Kwangu mimi wafumi walikuwa sahihi, na kuta ndizo shahidi.

Kahawia na nyeusi ni tatizo lingine. Zilitengenezwa kwa chuma na tanini, na mchanganyiko huo unakula sufu na hariri. Ndiyo maana mistari ya kuzunguka macho na mikunjo ya nguo ndiyo inayomong'onyoka kwanza.

Kuipata rangi halisi: fungua bitana kona moja, tazama nyuma. Hapo mwanga haukufika.

Zari_na_Hariri (#11)

Na ukishafungua bitana, angalia kama ni tapestri kweli. Nyuma ya iliyofumwa kwa mkono kuna picha ileile kwa kugeuka, ncha za nyuzi zinaning'inia, uzi unaruka kutoka eneo moja hadi jirani. Ukikuta nyuzi za rangi zinapita sambamba kutoka pindo hadi pindo, zikionekana nyuma kama milia iliyonyooka, hiyo ni ya mashine ya Jacquard. Boucher amenakiliwa sana kwa mashine.

Alama ziko kwenye utepe wa ukingo wa chini au kona ya kulia. Gobelins: ua la yungiyungi na herufi G, mara nyingi na jina la mkuu wa karakana kama COZETTE, AUDRAN au NEILSON. Beauvais inabadilika kwa mkurugenzi: BESNIER ET OUDRY, baadaye A.C.C. BEAUVAIS kwa Charron. Aubusson ni M.R.D. AUBUSSON na herufi za mfumi. Kanuni za mwaka 1732 ziliipa Aubusson ukingo wa bluu na jirani yake Felletin ukingo wa kahawia. Tatizo: ukingo huo ndio unaochakaa na kubadilishwa kwanza. Utepe mpya hauthibitishi wala haukanushi kitu.

Zari ikiwepo, hiyo ni kazi ya ngazi ya mfalme. Nyingi hazipo tena: mwaka 1797 serikali ya Mapinduzi ilichoma tapestri zenye zari ili iyeyushe madini yake.

Nondo_Hapana (#12)

Wakuu mmesahau kwamba kuna watu watasoma hapa na kwenda kufua. TAFADHALI MSIFUE. Rangi za asili nyingi zinavumilia maji, lakini marekebisho ya baada ya mwaka 1856 yametumia rangi za kiwandani, na hizo zinavuja. Hata mtaalamu anajaribu kila rangi kwanza kwa pamba yenye maji yaliyosafishwa, na karatasi ya kunyonya juu yake.

Kutundika: kulabu na pete kando kando ndizo zinazoua. Tapestri ya mita 4 kwa 5 inafika kilo 20 na zaidi. Kwa kuwa mitande imelala, uzito wote unabebwa na mshindio, na nyufa ndogo kati ya rangi mbili zinafunguka kama midomo. Dawa yake: velkro ya sentimita 5, upande laini. Ishone kwa mashine kwenye mkanda wa pamba ulio mpana zaidi, kisha mkanda ushonwe kwa mkono nyuma ya ukingo wote wa juu. Upande wenye meno unapigwa pini kwenye ubao uliozibwa usitoe asidi. Uzito unagawanyika urefu wote, na kukitokea moto unaivua kwa kuvuta.

Nyufa zishonwe kwa mkono kabla ya kutundika, si baada. Ukishona ikiwa imening'inia unafunga mvutano ndani yake, na sehemu ya jirani ndiyo itakayopasuka.

Mwanga: lux 50, dirisha likiwa na kizuia miale ya urujuanimno (UV). Unyevu wa hewa asilimia 50 hadi 55, usiopanda na kushuka ghafla. Vumbi: kifyonza kwa nguvu ya chini kabisa, kupitia wavu wa nailoni. Usisugue, inua na uweke.

Kuhifadhi: usikunje kamwe. Viringisha kwa kufuata mtande kwenye bomba pana lililofungwa karatasi isiyo na asidi, uso ukiwa NJE. Ukiwa ndani, mikunjo yote inaingia kwenye picha. Ukiwa nje, mikunjo inaingia kwenye bitana.

Nondo: funga kwenye plastiki, nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu au zaidi, kisha acha irudi kwenye joto la chumba siku nzima KABLA ya kufungua. Ukifungua mapema, unyevu unaganda juu ya sufu baridi.

Kanyagio (#13)

Mzee Nondo, kwenye tapestri moja nimeona kiraka cha rangi ya chungwa kwenye shavu la Juno. Nacho ni kufifia?

BintiKitani (#14)

Hapana, hicho ni kirekebisho. Aliyekishona alikilinganisha na rangi ya wakati wake, kisha sufu ya zamani na sufu mpya zikafifia kila moja kivyake. Kabla ya kukilaumu, funika sehemu za jirani kwa karatasi nyeupe yenye tundu, ukitazame peke yake. Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi Gobelins kuanzia mwaka 1824, alipoletewa malalamiko kwamba nyeusi ni hafifu aligundua uzi hauna kosa, bali rangi zilizokaa jirani yake. Ukiona bado ni chungwa kupitia tundu, ni kirekebisho. Kiache hapo, kukifumua kunavunja mtande uliochoka.

Kanyagio (#15)

Nimetazama tena ile picha ya "Diana" niliyoiweka wiki jana. Kona ya juu kushoto, nyuma ya shuka. Kuna mdomo wa tai.